Kule, Hapa

Kwetu Bwera jina halichaguliwi, linahesabiwa:
mwana wa kiume wa nne ni Kule.
Wateja wanaovuka kutoka Kasindi na magunia ya muhogo
walicheka kila nilipomwita: "Kule wapi, mzee?"
Nami nilicheka nao, miaka miwili ya kwanza.

Maana alikuwa kule kweli.
Nyuma ya mashine yangu ya kusaga,
viganja masikioni, unga kwenye kope,
akitazama gurudumu linavyozunguka
kana kwamba lina habari ya kumpa yeye peke yake.

Nikamfanya mwanafunzi wa mtihani usioisha.
Kule, hii nini? Kule, sema maji.
"Sema maji," anajibu.
Kule, shangazi amekuja, sema karibu.
"Sema karibu."
Neno lilinirudia kama sarafu iliyokataliwa dukani,
ileile, na jasho la kidole changu juu yake.

Daktari alisema usonji.
Shemeji alisema ni kelele za mashine zimemziba.
Hiyo ya shemeji ndiyo iliyoninyima usingizi.
Mwalimu Ithungu alikuja kwa bodaboda kutoka Kisinga,
akaketi juu ya gunia saa nzima,
akanisikiliza mimi badala ya mtoto.
"Baba Kule," akasema, "umeuliza mara sitini na moja.
Mtu ataanza saa ngapi
mbele ya mtu asiyemaliza?"

Nilikasirika. Nililipa bodaboda yake, nikamsahau wiki mbili.

Kisha asubuhi moja nikaweka kikombe kitupu mbele ya mtoto,
birika mkononi mwangu, mdomo nimeufunga kama gunia.
Hesabu hadi kumi, alisema mwalimu.
Nilifika saba. Kila siku saba,
halafu ulimi unanitoroka: Kule, sema chai!
Siku ya tano nilifika kumi. Nikapita. Kumi na nne.
Akanishika kifundo cha mkono, akakiinamisha.
Chai ikaenda mezani, kidogo ikafika kikombeni.
Biira akakimbilia kitambaa;
nikamwambia, mke wangu, acha kwanza,
acha niisome barua hii.

Nikamvalisha kiatu kimoja, nikanyamaza.
Akanitupia cha pili kifuani.
Hilo nalo ni neno.

Siku ya soko, foleni ya mahindi imefika barabarani,
mashine inanguruma, watu wanagombania zamu.
Akatoa viganja masikioni.
Sikuwa nimemwuliza kitu. Hakuna aliyemwuliza kitu.
"Mkanda umelegea."

Kwa Kiswahili!
Sisi tuliomsukumia Kikonzo asubuhi
na Kiingereza cha kadi za picha jioni,
kumbe yeye anaokota lugha ya foleni,
punje kwa punje, chini ya mashine.

Nilitaka kupiga kelele: Rudia! Sema tena, mama yako asikie!
Nikaimeza hiyo rudia, nzima, na maganda yake.
Nikazima mashine. Wateja wakaguna.
"Wapi?" nikasema, kama ninavyomwuliza fundi.
Akasogea, akaweka kidole karibu na gurudumu dogo.
"Hapa."

Nilikaza nati kwa mikono isiyotulia.
Mzee Masereka akataka kujua
kama mahindi yake yatasagwa leo au Krismasi.

Sasa ni mwezi wa tatu.
Hajasema tena kitu kirefu kama kile.
Shangazi akija bado anamtahini, nami namtoa nje
nikamwonyeshe kuku.
Juzi Kule alileta spana, akaiweka juu ya goti langu,
akarudi zake nyuma ya gurudumu.
Mashine ilikuwa nzima. Mkanda umekaza.
Sijui alikuwa na maana gani.
Nimeiacha spana palepale gotini,
nimepita kumi zamani.